Bi Mkubwa Kachovya Skonzi London, Kosa Liko Wapi?

Wadau, wiki hii mitandaoni povu limetoka mpaka limejaa ndoo, na chanzo ni kikombe cha chai. Kama ulikuwa bize na mambo yako, nakupa kwa ufupi. Muigizaji mmoja wa kike wa hapa Bongo (jina nabaki nalo, wenyewe mnamjua) kampeleka mama yake kutembea London. Wakaingia hoteli moja ya maana kunywa ile chai ya mchana ya Kiingereza: birika linang'aa, vikombe vyembamba, na ile stendi ya sahani tatu zilizopandana kama ghorofa. Klipu ikapostiwa. Humo ndani bi mkubwa, mtandio kaufunga vizuri, anachukua skonzi, anaichovya kwenye chai, anakula, anacheka.

Basi. Ni hilo tu.

Komenti zilizofuata ungedhani kaiba kikombe. "Ushamba haufichiki." "Umempandisha ndege ila uswahilini hakujamtoka." Halafu akaja dada mwingine wa mjini, wafuasi kibao, akaichukua klipu akaifanyia darasa: hapa mama kakosea, hapa kidole hakikunyanyuliwa, hapa ametia aibu. Juu akaandika kwa herufi kubwa: "HIGH TEA SIYO YA KILA MTU". Kesho yake yule muigizaji akaifuta klipu ya mama yake mzazi.

Hapo ndipo nilipokereka. Kwa mtazamo wangu, kwenye meza ile nzima na kwenye komenti zote, aliyejua chai ni nini ni bi mkubwa peke yake.

Tuanze na hilo darasa la dada wa mjini, maana lina matobo kuliko chandarua cha zamani. Ile wanayokunywa watalii hotelini na vijisandwichi na keki haikuitwa "high tea" na Waingereza wenyewe. "High tea" ilikuwa chakula cha jioni cha watu wa kazi. Mtu katoka kiwandani au mgodini, kachoka, anakaa kwenye meza ya kawaida ya kulia anapiga nyama, mkate na chai nzito. Chai ya mastaa, ile ya kwenye sofa na meza fupi, wao wanaiita "afternoon tea". Mahoteli mengi duniani, na ya kwetu yamo, yamechanganya majina kwa sababu neno "high" linasikika kama la daraja la juu. Kwa hiyo dada kaenda kumcheka mama wa watu kwa kutumia jina la ubwabwa wa vibarua. Tunaendelea.

Kidole kidogo juu? Hakuna sheria hiyo. Waingereza wanaojua adabu za mezani wanakiona kama maonyesho ya mtu anayejilazimisha. Skonzi yenyewe je? Sehemu mbili za nchi yao zinabishana juu ya skonzi mpaka leo. Watu wa Devon wanapaka kwanza krimu nzito halafu jamu. Watu wa Cornwall wanaanza na jamu, krimu juu. Kila upande unaona mwenzake kapotea. Sasa kama wenye skonzi hawajakubaliana, wewe wa Tabata umepewa urefa na nani?

Ni kweli kwamba kwenye hoteli zile skonzi huwa haichovywi. Inavunjwa kwa mkono, inapakwa, inaliwa. Sawa, nimekubali. Lakini hao hao Waingereza nyumbani kwao wanachovya biskuti kwenye chai kila siku, kutoka fundi bomba mpaka profesa. Na neno letu "skonzi" limetoka kwenye "scone" yao hiyo hiyo. Tukalichukua, tukaoka mkate wetu laini wa mviringo, na tukaamua wenyewe kwamba ukiwa na chai unachovya. Mama kakutana na ndugu wa skonzi yake ugenini akamsalimia kwa kikwetu. Aibu iko wapi hapo?

Kuna jingine ambalo wanaocheka hawalijui. Hadithi inayosimuliwa kuhusu mwanzo wa desturi hii ni ya njaa. Kwenye miaka ya 1840 matajiri wa Uingereza walikuwa wanakula cha usiku kwa kuchelewa, saa mbili hivi. Mama mmoja mkubwa, Anna, mke wa Duke wa Bedford, ikifika jioni tumbo linamsumbua. Akawa anaagiza chai na mkate chumbani kwake. Baadaye akawaita mashoga zake, wakawa wanakunywa na kupiga umbea. Kwa hiyo mambo yote yale ya birika linalong'aa, ukiyavua mapambo, yanabaki njaa ya saa kumi na umbea. Sasa niambie ni mtaa gani wa Tanga, Kariakoo au Mombasa usiojua hayo. Saa kumi alasiri, chai ya tangawizi au iliki, maandazi, kalimati, mihogo, na shoga anayeanza na "unajua nini?" Bi mkubwa anaijua chai ya jioni tangu mdogo. London kaikuta tu imevaa suti.

Na majani yenyewe tuyaongelee. Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, na Uingereza ni miongoni mwa wateja wake wakubwa. Mnada wa Mombasa unauza chai ya nchi kadhaa za ukanda huu. Kwetu kuna Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara. Huko kuna mama wa umri wa huyu huyu bi mkubwa anaamka alfajiri na umande, anachuma majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, analipwa kwa kilo. Mpaka majani yake yafike kwenye birika la hoteli, bei imepanda mpaka haitambuliki. Halafu mtu wa nchi hiyo hiyo anakwambia chai ile "siyo ya kila mtu". Inachumwa na kila mtu ila kuinywa ndiyo ina wenyewe?

Najua kuna kundi la pili kwenye komenti, la "hela yote hiyo kwa chai na mikate?" Nyie nawaelewa kidogo. Hoteli kubwa kama The Ritz, iliyofunguliwa mwaka 1906, chai hiyo inazidi pauni 70 kwa mtu mmoja. Kwa hela yetu hapo umevuka laki mbili, na mko wawili. Lakini tuache unafiki, hela hiyo hiyo watu wanaimaliza kwenye chupa moja klabu Ijumaa usiku na Jumamosi hawakumbuki kitu. Pale unanunua saa moja na nusu au mbili za kukaa na mtu unayempenda, simu chini, mnaongea. Mtoto aliyelelewa kwa chai ya rangi na kiporo akaamua kumkalisha mama yake pale, mimi simpangii. Ningempangia kama angemwacha mama nje akaingia na mpiga picha.

Na hapo ndipo mastaa wengine wanapochemsha. Wanaenda, wanapiga picha mia mbili, chai inapoa, skonzi inakauka, wanaondoka na njaa wakatafute chipsi. Wamelipia stendi. Mama kala.

Kwa hiyo wewe utakayebahatika kufika kule, yafuate haya. Weka nafasi mapema, hoteli kubwa hujaa. Uliza mavazi kabla, The Ritz jinzi na raba havipiti. Anza na sandwichi, kisha skonzi, keki mwisho. Sehemu nyingi chai na sandwichi unaongezewa bila kulipa tena, kwa hiyo usione haya kuomba. Angalia bili vizuri, mara nyingi kuna asilimia 12.5 ya huduma imeshawekwa humo. Ukiona bei kali, Uingereza ina vibanda vya chai vingi ambako unapata skonzi mbili, krimu, jamu na birika moja kwa bei ya binadamu. Na kama umekwenda na mama, mwache anywe anavyojua.

Dada wa mjini, sikuchukii. Ila adabu ya mezani tangu mwanzo kazi yake ni kumfanya mgeni ajisikie yuko nyumbani. Ukiitumia kumfanya mzazi wa mtu ajione mdogo mbele ya watu laki moja, umevunja adabu kubwa kuliko ya kuchovya.

Na wewe muigizaji wetu, ulichofuta siyo aibu ya mama, ni furaha yake. Irudishe ile klipu. Wakija na povu, waambie waje na skonzi, chai tunayo.

Haya wadau, mnasemaje? Mngekuwa nyie mngefuta? Na mama yako ungempeleka wapi kunywa chai? Dondosheni komenti hapo chini, ila mama wa watu muacheni.