Arbuni Imerudi, Nyumba Je?

Mwaka huu nimeacha mashairi. Nataka tuzungumze juu ya nyumba, maana kwetu Mji wa Kale nyumba ndiyo fitina kubwa.

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Alitaka kununua nyumba Kibokoni, akatoa arbuni barazani mbele ya wazee watano, kahawa ikinywewa. Muuzaji akaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba kapokea pesa, akatia sahihi, wakapeana mikono. Miezi mitatu baadaye akaja mtu mwenye bei kubwa zaidi, na jamaa akageuka. Alirudisha arbuni yote, hata senti haikupungua, na mtaani watu wakamsifu ati ni mwungwana! Mimi nasema uungwana huo ni nusu. Mjomba alikuwa keshauza cherehani mbili ili akamilishe malipo, na bei za nyumba zilikuwa zimepanda.

Nikauliza, mbona haendi mahakamani? Wakili mmoja akanieleza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuuza ardhi na nyumba yake uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo, naye atie yake. Karatasi ya mjomba ina sahihi moja tu. Wazee watano waliona kwa macho, hakuna aliyeshika kalamu. Zamani mnunuzi aliyekwisha kuingia nyumbani aliweza kujitetea hata bila maandishi, lakini kanuni hiyo iliondolewa tarehe 1 Juni 2003. Wazee wetu wengi bado wanaishi na sheria ile ya zamani.

Mkataba ungekuwa kamili, mjomba angekwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Mombasa, aombe kwanza amri ya kuzuia nyumba isiuzwe kwa mwingine, kisha muuzaji alazimishwe kukamilisha mauzo. Amri hii ya kulazimisha ndiyo ninayoitetea, kwani nyumba si gunia la mchele, ukikosa hili uchukue lile. Nyumba iliyo ubavuni mwa mama yako na msikiti wako haina pacha. Kweli, jaji halazimiki kuitoa. Hutazama kama mnunuzi yu tayari na pesa zake, na akiona haifai humpa fidia. Mnunuzi naye akivunja ahadi, arbuni yake, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, yaweza kwenda. Na usilale: kesi ya mkataba ina miaka 6 tu.

(Majengo kuna balaa jingine, nyumba bila ardhi: kuta za huyu, kiwanja cha yule. Huko mwulize na mwenye kiwanja kabla hujatoa shilingi.)

Najua nitaambiwa, "We mtoto, sisi twaaminiana, karatasi ni za watu wasiojuana." Basi wazee wangu, someni tena Sura ya Baqara, aya ya 282. Hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo yaamrisha madeni yaandikwe na mashahidi wawepo. Haikuwabagua wanaojuana.

Mjomba sasa ameona nyumba nyingine, ndogo kuliko ile. Safari hii wazee wale wale wameambiwa waje na vitambulisho na kalamu. Mmoja amenuna, lakini kasema atakuja.