Mgeni wa kwenye tangazo

Katika biashara ya vinywaji, balozi wa bidhaa ni mtu mashuhuri anayelipwa ili sura yake iaminiwe kabla ya kile kinachouzwa kuonjwa, na ni vigumu kutaja nchi iliyoutumia utaratibu huo kwa vituko zaidi kuliko Japani, ambako Orson Welles, mwongozaji wa filamu wa Marekani, aliisifia wiski ya Nikka katika miaka ya 1970, Arnold Schwarzenegger akachezesha mabirika makubwa ili kuuza tambi za kikombe za Nissin, na Tommy Lee Jones, kuanzia 2006, akaigiza kiumbe wa sayari nyingine aliyetumwa kuwachunguza Wajapani huku akinywa kahawa ya kopo ya Boss. Kwa muda mrefu nyota wa namna hiyo walitaka matangazo yao yasionyeshwe nje ya Japani, kwa kuwa huko Hollywood kuuza chakula kwenye runinga kulihesabiwa kuwa ni kujishusha hadhi. Fedha, bila shaka, hazikuonewa haya.

Afrika ililetewa mgeni wa aina nyingine. Mwaka 1999 wakala wa matangazo Saatchi & Saatchi ulibuni, kwa ajili ya bia nyeusi ya Guinness, mwandishi wa habari shupavu aitwaye Michael Power, ambaye aliokoa watu na kufichua maovu katika visa vifupi vilivyorushwa Nigeria, Ghana, Kamerun, Kenya na kwingineko, na mwaka 2003 akatengenezewa filamu nzima, Critical Assignment. Mtu huyo hakuwahi kuwepo, na aliyemwigiza, Cleveland Mitchell, alikuwa mwenye asili ya Jamaika. Ustadi wa kampeni ile, na pia kasoro yake, ulikuwa katika kumnyima shujaa huyo nchi, ili mnywaji wa Lagos na wa Nairobi kila mmoja amdhanie kuwa wa kwao au walau wa jirani. Tangazo la Kijapani humwambia mtazamaji waziwazi kwamba huyu ni mgeni na kwamba inaruhusiwa kumcheka. Lile la Guinness lilimtaka asiulize.

Shujaa asiye na kwao angepata taabu Oraba, katika eneo la West Nile nchini Uganda, mahali ambapo barabara itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko inafikia mpaka wa Sudan Kusini, mkabala na Kaya, na ambapo mtu hutambuliwa kwa lugha yake, iwe Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala au Kiswahili, kabla hajaulizwa karatasi zake. Ugeni wenyewe hapa haufuati ramani. Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini, nchi zinazokutana Salia Musala, kwa hiyo Mkakwa wa Yei, upande wa Sudan Kusini, huja Koboko kama ndugu, ilhali nyota wa Kampala anayejua Kiganda na Kiingereza tu ni mgeni kamili, hata akiwa na kitambulisho cha taifa mfukoni. Kwa kipimo hicho, wanamuziki wa Kinshasa waimbao kwa Kilingala, ambao viwanda vya bia vya Bralima na Bracongo vimekuwa vikigombania sauti zao wako karibu zaidi na masikio ya Arua kuliko wengi wanaotangaza kutoka mji mkuu.

Safu hii inaona kwamba njia ya heshima zaidi ilionekana mwaka 2004, wakati shindano la Coca-Cola Popstars lilipozaa kundi la Blu*3 la Uganda, ambalo mmoja wa waimbaji wake watatu, Jackie Chandiru, alibeba jina la Kilugbara lililotamkwa redioni bila kufichwa. Lile pia lilikuwa tangazo la soda, lakini mtu aliyetumiwa alikuwa na kwao, na kwao kulijulikana. Makampuni yanayotaka soko la West Nile yawaweke mbele watu wa namna hiyo, na pale yanapolazimika kuleta nyota kutoka mbali, yamwache awe mgeni mbele ya macho ya watu, kama Wajapani walivyomwacha Jones.