Mmweko si Mlipuko: Kiswahili na Nyota za Eksirei

Wapo wanaoshikilia, na baadhi yao ni walimu wa Kiswahili, kwamba lugha hii inatosha kusimulia bahari na shamba lakini haiwezi kubeba fizikia ya nyota. Dai hilo linashangaza, kwa kuwa neno la Kiswahili limo katika majina ya nyota hizo kwa zaidi ya nusu karne. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengewa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na vingi vingali vinatambulishwa kwa alama 4U. Herufi hiyo U ni Uhuru. Wanaastronomia wa Roma na Tokyo huiandika. Wanafunzi wa Kiswahili ni wachache mno wanaoambiwa.

Uhuru ndiyo iliyothibitisha kwamba nyingi ya nyota hizo huishi mbili mbili. Moja ni nyota ya kawaida. Mwenzake ni gimba dogo lenye uzito mkubwa mno, nyota ya nyutroni au shimo jeusi, ambalo humnyonya gesi mwenziwe. Gesi hiyo huzunguka kama maji yanayoingia shimoni, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka 2009 likaja jambo kubwa zaidi. Setilaiti mbili, AGILE ya Italia na Fermi ya Marekani, zilitangaza kuwa zimeona miale ya gama ikitoka kwa ghafla katika Cygnus X-3, jozi ya nyota iliyo mbali zaidi ya miaka-nuru 20,000, ambazo huzungukana kwa saa 4.8 tu. AGILE ilipita juu ya ukanda wa ikweta karibu kila saa moja na nusu, na takwimu zake zilipokewa katika kituo cha Malindi. Yaani habari za Cygnus X-3 zilikatiza anga ya Kimulot, juu ya majani chai na juu ya darasa ambamo mtoto anayezungumza Kikipsigis nyumbani na Kiswahili sokoni hufundishwa sayansi kwa lugha ya tatu.

Tukio lile liitweje? Kalamu nyingi hukimbilia “mlipuko”. Neno hilo linapotosha. Kinacholipuka huharibika, Cygnus X-3 haikuharibika, bali ilitulia na kurudia tena. Istilahi ifaayo ni “mmweko”, kutokana na kitenzi kumweka, kutoa mwanga wa ghafla unaotoweka. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet ina sifa ya ngurumo na mvua ya mawe, na mkulima wa Kimulot hahitaji kamusi kutofautisha umeme unaomweka na radi inayopasua mti. Ulinganisho huo una faida nyingine. Mmweko wa gama wa Cygnus X-3 hutangulia wimbi kubwa la redio kwa siku kadhaa, kama umeme unavyotangulia ngurumo. Hapo, hata hivyo, mwalimu mwangalifu atasita: ngurumo huchelewa kwa sababu sauti ni nzito kusafiri, ilhali gama na redio huenda kwa kasi moja. Redio huchelewa kwa kuwa mchirizi wa chembe unaofyatuka kandokando ya gimba lile sharti kwanza utanuke.

Itasemwa kwamba istilahi hazipo. Zipo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na lugha iliyozitaja Kilimia, Zuhura na Zohali haikuwa geni angani hata kabla ya hapo. Kinachokosekana ni matini. Istilahi isiyotumiwa katika aya hata moja ni kama jembe lililotundikwa ukutani, na makongamano ya Kiswahili yamekuwa hodari wa kutundika. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaruhusiwa kuandika tasnifu ya kumi na moja juu ya riwaya ile ile. Kwa nini asiketi na mwenzake wa idara ya fizikia, wakaandika kurasa thelathini juu ya nyota za eksirei, kisha wakazipeleka Kimulot zisomwe na watoto wa darasa la nane la zamani, ambao leo ni sekondari ya chini? Watakapokwama wasomaji hao, hapo ndipo istilahi itahitaji kurekebishwa.

AGILE iliteketea ikirudi duniani Februari 2024. Takwimu zake zimehifadhiwa, pamoja na mimweko ya Cygnus X-3 iliyopitia Malindi.