Kabla hujafunga gesi kwenye pikapu yako
Mwandishi, makala nzuri, ila hapo uliposema gesi ya naitrasi ndiyo inayowaka, hapana. Haiwaki yenyewe. Ikifika joto la karibu nyuzi 300 inaachia oksijeni, na oksijeni hiyo inadai petroli zaidi. Kwenye injini ya EFI usipoongeza petroli sambamba na gesi, mchanganyiko unakosa mafuta na pistoni inayeyuka. Nimeishika moja kwenye gereji hapa Bariadi: imetoboka katikati, na plagi yake imeliwa ncha yote. Na wakuu mnaouliza mtungi ukae wapi, jueni kwamba ukipita nyuzi 36.4 gesi hiyo haibaki tena kimiminika na presha inapanda vibaya. Kabini iliyofungwa vioo juani pale Lamadi inafika huko mapema tu. Sisi tunaobeba pamba kutoka Maswa na Itilima tunataka nguvu ya njia nzima, siyo ya sekunde chache halafu mtungi mtupu. Kwa vumbi letu, anzeni na filta ya hewa na kusafisha nozeli. Mwandishi, tuandikie na kuhusu turbo kabla msimu wa pamba haujafunguliwa.