Kuta za Kilwa Zinaongea, Sheria Inasikia Nusu

Vijana wenzangu, kuna utalii hauhitaji kiingilio. Ukifika Kilwa Kivinje, usikimbilie kuuliza boti ya kwenda magofuni. Tembea kwanza mitaani na simu yako mkononi. Utakuta mlango wa mbao wenye nakshi umesimama imara, nyumba nyuma yake imeshaanguka. Utakuta chombo cha wavuvi kimepewa jina la kumjibu jirani mwenye maneno. Bajaji nazo, maandishi ya nyuma yana ukali kuliko michango mingi ya bungeni.

Ukizunguka vya kutosha, swali litakujia lenyewe: hivi nani anaamua kipi kibaki na kipi kianguke?

Chukua Kivinje hiyohiyo. Kuna kumbukumbu ya Wajerumani wawili waliouawa mwaka 1888, pale watu wa pwani walipokataa kampuni ya Kijerumani kujimilikisha mji wao. Halafu kuna Mwembe Kinyonga, mahali ambapo wakoloni walinyongea watu. Mmoja wa walionyongwa Kivinje ni Hassan bin Omari Makunganya, mwaka 1895, kwa sababu alikataa kutawaliwa. Aliyekuja kuchukua na aliyekataa kuchukuliwa wanakumbukwa kwenye mji mmoja. Jiulize tu ni yupi ulifundishwa habari zake shuleni.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana ndiyo ninayoisoma. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hii inalinda moja kwa moja majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango na fremu za nakshi imezipa nafuu kidogo: zinalindwa zikiwa zimechongwa kabla ya 1940. Kitu cha baada ya hapo kinasubiri Waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Piga hesabu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uko ndani, na ni haki yake. UNESCO waliuorodhesha pamoja na Songo Mnara mwaka 1981, wakaingiza magofu hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, wakayatoa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini Makunganya ni 1895. Maji Maji, iliyoanzia Nandete kwenye milima ya Wamatumbi, ni 1905. Yaani mstari wa 1863 unawakumbatia masultani, halafu historia ya wananchi kumkatalia mtawala inaambiwa isubiri saini ya Waziri. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Nasema miaka inaenda, na mstari uko palepale.

Na kitu kisicho na wa kukidai huwa kinahama. Kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ilichimbwa Tendaguru, ikabebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa meli kwenda Ujerumani. Leo mjusi mmoja amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Mwaka 2018 Serikali yetu ilisema haitaomba mjusi arudishwe. Sawa, lakini wana Lindi waliulizwa lini?

Najua kuna mtu atasema: dada, watu wanalia na bei ya ufuta, wewe unaleta habari za milango na kuta? Nami namjibu kwamba ni suala lilelile. Anayeamua bila kukuuliza ni historia gani ibaki mtaani kwako, ndiye huyohuyo anayeamua bila kukuuliza ufuta wako uuzwe vipi. Sisi wa upinzani tunalielewa hili kuliko wengine. Tunajua ukuta gani ukipakwa rangi hakuna anayeuliza, na mlingoti upi ukisimikwa asubuhi unaanza kuulizwa kibali jioni. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake. Haijataja rangi.

Kwa hiyo tufanye mambo matatu. Kwanza, piga picha. Mlango, jahazi, kaburi, kibao kilichofutika, andika mahali na tarehe, omba ruhusa kama ni nyumba ya mtu, halafu posti. Ushahidi wa kesho unakusanywa leo. Pili, kila kikao cha hadhara cha kijiji au mtaa, uliza swali moja: maeneo gani ya hapa yametangazwa kisheria, na orodha iko wapi? Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zisijifanye mikono imefungwa. Tatu, chama chetu kiweke kwenye ilani marekebisho ya Sheria ya 1964, ili kumbukumbu za mapambano zilindwe bila kusubiri huruma ya mtu.

Ibara ya 27 ya Katiba inasema kulinda mali ya pamoja ni wajibu wa kila mmoja wetu. Basi tusingoje kuitwa. Jumamosi hii una bando? Anza na mtaa wako.