Bwana Mlaji wa Kware na Daftari la Mama

Yuko bwana mmoja akaaye katika mtaa wa Kware, upande wa mashariki ya jiji la Nairobi, ambaye jina alilopewa na wazazi wake limekwisha kusahauliwa na majirani. Wote humwita Bwana Mlaji. Si kwamba mwili wake ni mnene. La, mkanda wake una matundu aliyoyaongeza mwenyewe kwa msumari. Ameitwa hivyo kwa sababu hakuna sufuria ichemkayo baina ya Kware na Mto Ngong ambayo yeye haijui harufu yake. Kazi yake ni ukarani wa ghala katika Eneo la Viwanda, na kila siku huenda kazini na kurudi kwa miguu pamoja na maelfu ya wafanya kazi wengine. Nauli anayoiokoa hupitia njia moja tu, nayo ni koo.

Mgeni asikiaye jina la Kware hudhani kwamba mtaa huo umepewa jina la yule ndege wa vichakani. Sivyo. Neno hili limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni machimbo ya mawe ya kujengea. Siku hizi nyumba za ghorofa zimesongamana hata jua halipati nafasi ya kuanika nguo, na tangu mwaka 2013 Kware imekuwa wadi katika jimbo la Embakasi Kusini, pamoja na Pipeline, Imara Daima, Kwa Njenga na Kwa Reuben. Wengi hukaa katika chumba kimoja. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na yasipokuja hununuliwa kwa mitungi ya lita 20. Basi mtu aliye peke yake, mwenye chumba kidogo na maji haba, akipiga hesabu ya makaa, maji na saa mbili za kungoja maharagwe yaive, huona kwamba ni nafuu kula kibandani. Kwa hiyo vibanda vya chakula vimejaa kila njia, na kwa hiyo Bwana Mlaji huhesabu kwamba ameletwa peponi.

Asubuhi, kabla hakujapambazuka vema, yeye husimama penye meza ya chai. Hunywa chai ya maziwa iliyopikwa pamoja, majani na maziwa na sukari katika sufuria moja, na pembeni andazi la moto. Chai hiyo wazee wa zamani hawakuijua. Mche wake ulipandwa Kenya mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Leo fundi mwashi hawezi kushika mwiko wake kabla hajainywa. Siku ya baridi Bwana Mlaji huacha chai akanywa uji wa wimbi uliotiwa ndimu, kwa kuwa husema uji hukaa tumboni hadi adhuhuri, bali chai huaga mapema.

Jioni arudipo, macho yake hutangulia miguu. Hapa pana mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Pale pana soseji ndogo iliyoviringwa ndani ya chapati, chakula ambacho vijana wamekipa jina la smocha. Na mbele kidogo, penye moshi mzito, pana mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama iliyokatwa ndogo ndogo pamoja na damu na viungo, ukachemshwa kisha ukachomwa juu ya makaa. Mchomaji huukata juu ya ubao, hutia chumvi na pilipili, na walaji husimama wakauzunguka ubao kama wazee barazani. Pale hapana mkubwa wala mdogo. Mwenye shilingi 20 hula kipande chake sawasawa na mwenye shilingi 100.

Lakini chakula akipendacho Bwana Mlaji kupita vyote ni kile cha adhuhuri, katika kibanda cha mama mmoja karibu na ghala. Mama huyo hupika githeri. Watu wengi hudhani githeri ni kuchemsha tu mahindi na maharagwe, lakini mama huyu anajua siri yake. Mahindi makavu na maharagwe hulowekwa usiku kucha. Alfajiri maji yale humwagwa, na githeri hubandikwa kwa maji mengine juu ya moto usioruka wala kuzimika. Vikisha kuiva hukaangwa kwa vitunguu na nyanya, hutiwa viazi na sukuma wiki, na hufunikwa hata viazi vianze kulegea. Siku ya Ijumaa mama hupika muthokoi, chakula cha Wakamba, ambacho mahindi yake hukobolewa maganda kwanza. Pia huuza chapati na maharagwe, ambayo vijana huyaita madondo.

Msomaji aliye mkulima na ajue kwamba katika sahani ile moja mna mashamba mengi. Viazi huenda vilichimbwa Nyandarua, mahindi huenda yalivunwa Trans Nzoia, na kitunguu kimesafiri siku nzima juu ya lori kabla ya kushushwa Marikiti, soko kuu la wakulima mjini Nairobi. Mvua ikikosa huko, mlaji wa Kware hulisikia jambo hilo katika kijiko chake. Mwaka 2017, ukame ulipopandisha bei ya unga, Serikali ililazimika kuushusha hadi shilingi 90 kwa mfuko wa kilo mbili, na miezi ile watu wengi wa mashariki ya jiji walijifunza kula ugali kwa kipimo.

Isidhaniwe kwamba Bwana Mlaji hula ovyo. Hapo zamani, alipokuwa mgeni wa jiji, alikula matunda yaliyokatwa tangu asubuhi na kuachiwa nzi, akalala siku tatu akishika tumbo. Tangu hapo ana sheria zake. Chakula ni lazima kitoke motoni. Maji ya kunywa ni lazima yawe yamechemshwa. Mpishi ni lazima anawe mikono, na asishike fedha na chapati kwa mkono ule ule. Tena huuliza kama mpishi amepimwa afya, kwa kuwa cheti cha mpishi hudumu miezi sita tu. Mwaka 2017 kipindupindu kilipoingia Nairobi, wengine walimwomba msamaha kwa kuwa walikuwa wakimcheka. Mama wa githeri amekitundika cheti chake ukutani ndani ya karatasi ya nailoni, ili mvuke usikiharibu.

Basi Bwana Mlaji alikuwa na desturi ya kula kwa mama huyu kwa deni, na kulipa mwisho wa mwezi. Kila siku mama aliandika katika daftari la shule: githeri shilingi 60, chapati shilingi 20. Siku ishirini na mbili za kazi zilifanya shilingi 1,760, na chai tano za shilingi 20 zikaifikisha hesabu shilingi 1,860. Siku ya mshahara ilikuwa Ijumaa. Bwana Mlaji alipita kibandani akiwa na bahasha yake mfukoni, akasema, "Mama, Jumatatu asubuhi nitakuja na hesabu yote."

Mama akamtazama, akasema, "Haya, mwanangu. Usinisahau." Hakusema zaidi.

Kesho yake Bwana Mlaji akawachukua rafiki zake watatu, wakaenda Burma. Hii si nchi ya ng'ambo, ila ni soko la nyama karibu na Barabara ya Jogoo. Jina lake huwakumbusha watu askari wa KAR waliopigana huko Burma katika Vita Kuu ya Pili, kama vile Kariokor, soko jingine, linavyowakumbusha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko mlaji huchagua nyama yake ingali inaning'inia, huona ikipimwa, kisha huketi akangoja. Bwana Mlaji alichagua mbavu za mbuzi, akakataza zisichomwe kwa haraka, akaagiza kachumbari yenye pilipili, na ugali mgumu ushikao mkono. Nyama ilipowekwa mezani juu ya ubao, mafuta yakichuruzika na chumvi ikiwa kando, hakuna aliyesema neno kwa muda wa robo saa. Wale marafiki walimsifu sana, na kadiri walivyomsifu ndivyo alivyozidi kuagiza. Mwisho hesabu ilikuwa shilingi 2,400, yaani zaidi ya githeri ya mwezi mzima.

Walipokuwa wakirudi, mmoja wao akawavuta kuingia katika nyumba moja ya uchochoroni, akisema kwamba kikombe ni shilingi chache na kichwa hupata moto upesi. Hapo Bwana Mlaji alisimama. Alikuwa kijana mdogo mnamo Novemba 2000, wakati pombe haramu iitwayo kumi kumi ilipowaua watu zaidi ya 100, wengi wao wakaaji wa Mukuru kwa Njenga, na wengine wakapofuka macho. Pombe ile ilikuwa imetiwa methanoli, spiriti ya viwandani ambayo huonekana kama maji na hunuka kama pombe, lakini mwilini hugeuka sumu inayoharibu mishipa ya macho. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa, ili watu wajue wanywacho. Lakini kikombe cha uchochoroni hakina chupa wala jina la mtengenezaji. "Mimi hula nikijua mpishi," akasema Bwana Mlaji. "Huyu simjui." Akaenda zake, na wawili wakamfuata.

Usiku ule alijiona mwenye hekima nyingi. Jumatatu ilimwonyesha kwamba hekima yake ilikuwa nusu.

Adhuhuri alipofika kibandani alikuta meko yamepoa. Wafanya kazi kama kumi na watano walikuwa wamesimama nje, wengine wametoka kubeba magunia tangu saa kumi na mbili. Jirani akawaambia kwamba mama hakuugua wala hakusafiri. Alikuwa amekosa fedha za kwenda sokoni. Mtaji wake wote ulikuwa umeingia katika matumbo ya watu sita waliokula kwa deni, jumla shilingi 6,200. Ijumaa kila mmoja alikuwa ameahidi Jumatatu, nayo soko la Marikiti halipokei ahadi. Wale waliokuwa wakilipa kila siku sahani kwa sahani wakakosa chakula pamoja na wale wasiolipa. Watu wakaondoka wakanunua mkate mkavu.

Bwana Mlaji akaona haya. Aliwaza jinsi alivyoogopa sumu ya uchochoroni, na huku yeye mwenyewe amezima moto uliokuwa ukiwalisha wenzake. Jioni akaenda hata mlangoni pa mama, akabisha hodi.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya lile deni."

"Karibu, mwanangu. Sikukuita mwizi."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimeona haya. Nina shilingi 900 tu; nyingine nimezila Burma."

Mama akacheka kidogo, akasema, "Mbuzi alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu, Mama. Sasa amekuwa mchungu."

Akampa zile 900, kisha akamwomba daftari. Kwa kuwa kazi yake ni kuhesabu mali ya watu wengine, akanakili majina ya wadeni watano waliosalia, akawaendea mmoja mmoja usiku ule na usiku wa pili. Mmoja alijificha nyuma ya mlango. Akamngojea hata alipotoka kwenda msalani. Mwingine alilipa yote kwa simu pale pale. Alipomaliza alikuwa amekusanya shilingi 3,100, na pamoja na 900 zake ikawa 4,000. Alfajiri ya Jumatano mama akaenda Marikiti akanunua mahindi, maharagwe, viazi na vitunguu, na akaongeza gunia dogo la makaa. Kwa kuwa maharagwe hutaka kulowekwa, siku ile aliuza chapati na chai tu. Alhamisi harufu ya githeri ilisikika tena hata ng'ambo ya barabara.

Shilingi 960 zilizobaki Bwana Mlaji alizilipa kwa wiki mbili. Katika wiki hizo alipita penye moshi wa mutura bila kusimama, jambo ambalo mchomaji alilistaajabia akauliza kama ameoa. Sasa hulipa kila adhuhuri kabla ya kunawa mikono, na mama humwongezea kiazi kimoja juu ya sahani bila kuandika. Lile daftari lingaliko, lakini mama ameweka mpaka: hakuna deni lipitalo siku tatu, hata kwa mwenye kazi ya ofisini.

Burma hajaiacha, mara moja kwa mwezi huenda, baada ya hesabu ya mama kuwa safi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Bwana Mlaji wa Kware aliila harusi peke yake, lakini matanga nusura yawe ya watu wengi. Naye asiyependa kula mkate mkavu, na aulizie kwanza ni nani aliyenunua mahindi.