Nani Amemtuma Huyu?

SAFU YA MPAKANI
Na Okumu Wandera

Jumamosi iliyopita nilikuwa Nabuyoga kwa shemeji yangu, mke wa kaka. Ni mwalimu, na kompyuta yake ya kupakata ndiyo iliyobeba alama za wanafunzi na picha za mazishi ya mzee wetu. Aliinunua Busia upande wa Kenya, mtumba wa Ulaya, ile watu huita Ex-UK. Kila akiiwasha, chai inapoa kabla haijawa tayari, na kifurushi cha intaneti cha siku nzima hakifiki saa sita mchana.

"Shem, humu ndani kuna kitu nisichokijua," akaniambia.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na Windows. Zilikuwa kumi na moja. Moja iliitwa "Program" tu. Haina picha, haina jina la mtengenezaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi, na jirani alikwisha kumshauri aipeleke kwa fundi ikafomatiwe.

Hapo ndipo nina ugomvi na mafundi wetu. Kufomati kumekuwa dawa ya kila homa. Mwaka juzi nilipeleka kompyuta yangu kwa kosa dogo, nikarudishiwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Maandishi ya miaka minne yamekwenda na hakuna aliyeniuliza. Isitoshe, Windows niliyowekewa ilikuwa ya wizi, imefunguliwa kwa programu ya kudanganya leseni. Programu za namna hiyo ni mlango wa wezi: Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya programu hizo, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, kidudu kinachokwapua nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Unalipa fundi akuondolee mgeni, naye anakuachia mwingine.

Turudi kwa "Program". Nilipotazama anwani yake, ilianza na C:\Program Files, kisha jina la programu ya printa ambayo shemeji hajawahi kuwa nayo. Anwani yenye nafasi katikati inatakiwa ifungwe kwa alama za kunukuu. Isipofungwa, Windows husoma hadi kwenye nafasi ya kwanza na kudhani jina limekwisha: Program. Basi, ni mabaki ya mwenye kompyuta wa zamani. Jinamizi la wiki tatu likawa alama mbili zilizosahauliwa.

Lakini jina zuri nalo lisikutulize. Afisa uhamiaji pale Malaba hatosheki na jina. Anauliza unatoka wapi na karatasi zako ziko wapi. svchost.exe ni mtumishi halali wa Windows, na makao yake ya kawaida ni folda ya System32. Ukimkuta kwenye Temp, au herufi zimepinduliwa akawa scvhost, huyo si yeye. Tazama faili linakaa wapi na nani amelitia saini. Ukiwa na shaka, zima, usifute. Kilichozimwa kwa makosa huwashwa tena. Kilichofutwa utakitafuta kwa machozi.

Orodha hiyo ni lango kuu tu, na sisi wa mpakani tunazijua njia za panya. Kuna huduma za Windows, kuna kazi zilizopangiwa saa. Ili kuziona zote nilishusha Autoruns, programu ya bure ya Mark Russinovich na wenzake, ambayo sasa ni mali ya Microsoft. Nikaiamuru ifiche vya Microsoft vyenyewe, nibaki na wageni. Kati ya huduma nikakuta rpcnet.exe, mtengenezaji Absolute Software.

Huyu si virusi. Ni mlinzi wa kompyuta zinazoibwa, wa kampuni iliyoanzia Kanada, na mbegu yake hupandwa kiwandani kwenye ubao mama wenyewe. Akishaamshwa hujirudisha hata ufomati mara kumi, hata ubadilishe diski, na anaweza kuripoti kompyuta ilipo. Pengine shule au kampuni fulani ya ng'ambo iliiuza bila kumwondoa. Pengine iliibwa. Wala simshtaki muuzaji: mwaka 2014 watafiti wa Kaspersky walieleza kuwa wamekuta mlinzi huyo akiwa macho kwenye kompyuta ambazo wenyewe hawakumwamsha. Ila muuza mtumba anapaswa kujua alichouza, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa pesa.

Nilizima programu saba zisizo na kazi, pamoja na ile "Program". Tukaiwasha upya, na mara hii chai ilikuwa bado moto. rpcnet sikumgusa. Shemeji amenakili namba ya kompyuta kwenye daftari, ameibandika risiti ukurasa huohuo, na keshokutwa anavuka kwenda Busia kumuuliza muuzaji ilitoka kwa nani.